Muthaiga: Mji Mdogo wa Matajiri Kando ya Nairobi

Mtu wa Tarime akitaka kuuona mji mkubwa kwa macho yake mwenyewe, Nairobi iko karibu naye kuliko Dar es Salaam. Akivuka mpaka pale Sirari asubuhi na mapema, akashika njia ya Migori na Narok, jioni huwa amekwisha fika. Bali Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti wako wazee waijuao Nairobi mtaa kwa mtaa, ambao pwani hawajaitia machoni. Nao wakirudi hutuletea habari za majumba ya ghorofa, na za magari yasiyohesabika, na za wingi wa watu wa Eastleigh. Mahali wasipopasimulia sana ni Muthaiga, na sababu yake ni nyepesi: katika Muthaiga mgeni apitaye njiani haoni kitu. Huona ua wa majani uliokatwa vizuri, lango la chuma, bawabu aliyekaa kitini, na juu ya yote matawi ya miti mikubwa. Nyumba zimejificha nyuma.

Katika maongezi haya twataka kuingia nyuma ya ua ule kwa njia ya historia, maana historia haiulizwi cheti langoni.

Yafaa kwanza tujue Nairobi yenyewe ilivyozaliwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika pale mwisho wa Mei 1899, baada ya maili 327, na mafundi wakauchagua uwanda ule kuwa kituo chao kikuu kwa sababu mbili: palikuwa na maji, na palikuwa sawasawa, nafasi ya mwisho iliyo tambarare kabla ya kupanda milima na kuteremka katika Bonde la Ufa. Wamasai walikuwa wamekwisha kupaita kwa jina la maji baridi. Kwa garimoshi palikuwa pazuri. Kwa binadamu palikuwa kinamasi. Udongo wa uwandani ni ule mweusi unatao, ambao sisi watu wa Mara twaufahamu sana katika mbuga zetu: mvua ikinyesha hunasa gurudumu na mguu pia, na jua likiwaka hupasuka hata mkono ukaingia. Maji hayapenyi, hutuama, nayo yakituama huzaa mbu. Lakini ukitoka uwandani ukaelekea kaskazini na magharibi, nchi yainuka kidogo kidogo kwa matuta, na udongo hugeuka kuwa mwekundu, mwororo, upitishao maji, ustawishao kahawa na kila mti. Msomaji na aishike tofauti hii ya udongo, maana mpango wote wa mji ule, nani akae wapi na nani asikae, ulifuata kwa karibu sana mpaka wa udongo mweusi na udongo mwekundu.

Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na wakuu wa mji wakaliteketeza soko lile kwa moto. Hata hivyo mji ulikua upesi, na mwaka 1905 makao ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa yakaletwa Nairobi. Kisha mwaka 1913 Profesa Simpson, bingwa wa mambo ya afya kutoka Uingereza, akatoa shauri kwamba katika miji ya Afrika ya Mashariki Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe kila watu katika mtaa wao, ili magonjwa yasipate njia ya kuvuka. Sisi tulio walimu, ambao kila mwaka twawafundisha vijana elimu ya afya, twajua kwamba tauni haichagui rangi ya mtu. Huletwa na viroboto wa panya, na panya hufuata nafaka na takataka. Dawa yake ilikuwa ni mifereji, na maji safi, na nyumba imara kwa watu wote. Lakini mifereji huchimbwa kwa fedha nyingi, na mpaka juu ya ramani huchorwa kwa kalamu moja. Basi kalamu ikatangulia.

Katika mwaka ule ule Muthaiga ikatokea. Jina ni la Kikikuyu, na maana yake ni dawa. Mahali penyewe ni mwendo wa maili tatu hivi kutoka katikati ya mji, juu ya udongo mwekundu, kando ya msitu wa Karura. Ardhi ilipimwa viwanja vikubwa, kila kimoja kikitosha nyumba, bustani, zizi la farasi na vibanda vya watumishi huko nyuma. Hakuna duka lililotangulia, wala soko, wala kanisa. Kilichotangulia kilikuwa ni nyumba ya starehe, Muthaiga Club, iliyofunguliwa usiku wa tarehe 31 Desemba 1913. Ni nyumba ya kuta za rangi ya waridi, yenye baraza, vyumba vya kulala na ukumbi wa dansi. Walowezi wenye mashamba huko Bonde la Ufa na kwingineko walikuwa wakija hapo nyakati za mashindano ya farasi, wakikaa siku nyingi, wakila, wakinywa, na zaidi ya yote wakipanga siasa ya nchi. Wahindi na Waafrika hawakuingia ila kwa kazi. Karibu yake upo uwanja wa gofu, yaani mchezo wa kupiga kitufe kidogo kwa fimbo hata kiingie katika shimo la mbali. Mchezo usiochosha sana, lakini unaokula ardhi ambayo kwetu ingetosha kijiji kizima na malisho yake.

Mambo mawili yaliifunga Muthaiga kama komeo na pingo. La kwanza ni sheria ya ardhi ya mwaka 1915, iliyomruhusu mlowezi kupewa shamba na serikali kwa muda wa miaka 999, na kumpa Gavana uwezo wa kukataza ardhi isitoke mikononi mwa Mzungu kwenda kwa mtu wa taifa jingine. La pili ni hati zenyewe za viwanja. Katika mitaa ya namna hii hati ziliandikwa sharti kwamba asiye Mzungu asimiliki, wala asikae ndani ya kiwanja, ila awe mtumishi wa nyumba. Maneno haya ya mwisho yafaa tuyatazame vizuri. Mwafrika hakukatazwa kulala Muthaiga. Kila usiku walilala humo Waafrika kwa mamia, wapishi, madobi, mayaya, watunza bustani na walinzi. Kilichokatazwa ni kulala humo kwa nafsi yake. Shingoni alivaa kipande, cheti cha kazi kilichotiwa katika kijaluba cha bati, ambacho sheria yake ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wasomaji wamekwisha kusikia jinsi Harry Thuku alivyosimama kukipinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara, na jinsi watu walivyopigwa risasi mjini Nairobi tarehe 16 Machi 1922 walipokuwa wakidai afunguliwe. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru.

Sasa tufike katika jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha habari hii, nalo si starehe wala farasi, bali ni kodi. Muthaiga haikuwa mtaa wa Nairobi. Ilikuwa mji mdogo peke yake, wenye mamlaka yake na mipaka yake. Wenyeji wake asubuhi walipanda magari wakaenda Nairobi kwenye maofisi na mabenki. Walipita katika njia za Nairobi, walifanya biashara katika masoko ya Nairobi, na mapato yao yalitoka Nairobi. Jioni walirudi kwao, na kodi ya viwanja vyao haikuingia katika mfuko wa Nairobi. Nao mfuko ule ndio uliotazamiwa kuchimba mifereji ya soko la Wahindi na kuleta maji kwa Waafrika wa uwandani. Basi mwenye uwezo mkubwa wa kulipa alikuwa nje ya mpaka, na mwenye haja kubwa alikuwa ndani.

Jambo hili lilionekana hata na serikali yenyewe. Mwaka 1926 aliitwa hakimu mmoja kutoka Afrika Kusini, Richard Feetham, aje na tume yake kuchungua utawala wa miji ya Kenya, na taarifa yake ikatoka mwaka 1927. Matokeo yake ni kwamba mipaka ya Manispaa ya Nairobi ilipanuliwa, na miji midogo iliyokuwa kando, Muthaiga na Eastleigh pia, ikaunganishwa nayo. Msidhani kwamba hapo usawa uliingia. Katika baraza la Manispaa wenye viti vingi walikuwa Wazungu, ijapokuwa walikuwa wachache mjini, na Mwafrika hakuwa na kura. Muthaiga ilitoa kodi, lakini ilishika pia usukani wa matumizi yake. Barabara za lami, taa na mabomba zilizidi kupanda kuelekea udongo mwekundu.

Wasomaji wa Tarime hawatalistaajabia neno hili la mipaka. Kwetu vilevile kuna Halmashauri ya Mji wa Tarime na kuna Halmashauri ya Wilaya, na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kazi mwaka 2002 huko Nyamongo, uko upande wa Wilaya. Basi ushuru wa huduma utozwao mgodi huenda upande huo. Hatusemi kwamba ni vibaya. Twasema tu kwamba mpimaji apitapo kijijini na minyororo yake, ni vema watu watoke nje watazame anapoweka mawe.

Turudi Nairobi. Kati ya mji na Muthaiga palikuwapo kijiji kiitwacho Pangani, kwa jina lile lile la mji wetu wa pwani. Kilikuwa cha zamani kama Nairobi yenyewe. Walikaa humo wapagazi wa misafara, askari waliomaliza kazi, wafanya biashara ndogo, Waislamu wengi, watu wa makabila mbalimbali waliounganishwa na Kiswahili. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, nazo zilikuwa ni mali za wenyewe. Jambo la kuangalia ni kwamba wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake, waliojenga kwa fedha walizozichuma, wakapangisha vyumba kwa wafanyakazi wa mjini. Mwanamke wa namna hii alikuwa na mali isiyokuwa ya baba wala ya mume, na katika miaka ile hapakuwa na mahali pengi katika bara ambapo hayo yaliwezekana.

Tangu mapema katika miaka ya 1920, mtaa wa Pumwani ulipofunguliwa kuwa makao ya Waafrika, ilikuwa ni nia ya wakuu kukivunja kijiji hiki. Kilicheleweshwa, kwa kuwa watu wake hawakuwa na mahali pa kuwekwa. Mwaka 1938 Manispaa ikajenga mtaa mpya huko chini uwandani, na mwaka 1939 Pangani ikabomolewa. Mtaa ule mpya waitwa Shauri Moyo. Yasemwa kwamba watu walipoambiwa wachague kwenda ama kutokwenda, walijibiana kwamba ni shauri la moyo wa kila mtu. Ikiwa ni kweli, ni maneno yenye uchungu mwingi, maana aliyekataa hakuwa na pa kukaa. Nyumba za Shauri Moyo zilikuwa za mawe, imara kuliko zile za udongo, hilo hatulikanushi. Lakini zilikuwa ni mali ya Manispaa. Mama aliyekuwa mwenye nyumba jana, aliamka leo akiwa ni mpangaji, na vyumba vyake, alivyotumaini kuwaachia jamaa zake, vikawa vifusi. Kiwanja cha Pangani baadaye kilijengwa nyumba za Wahindi.

Miaka miwili baadaye, Januari 1941, bwana mkubwa mmoja wa Muthaiga, Lord Erroll, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alikutwa ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake katika njia ya Karen, baada ya karamu ya usiku katika Muthaiga Club. Mzungu mwenziwe, Sir Jock Delves Broughton, alishitakiwa akaachiliwa. Juu ya kifo hiki vimeandikwa vitabu vingi, na filamu imepigwa. Sisi twaona kwamba Pangani, iliyovunjwa nzima na wenye nyumba wake, ilistahili karatasi nyingi kuliko hizo.

Karen nayo ni ndugu ya Muthaiga, ila imezaliwa kwa njia nyingine. Hapo palikuwa shamba la kahawa la bibi wa Denmark, Karen Blixen, chini ya milima ya Ngong. Shamba lilikuwa juu mno kwa kahawa, likashindwa, likauzwa mwaka 1931, likakatwa viwanja vya matajiri. Hata Dar es Salaam, katika nchi yetu wenyewe, Waingereza waligawa mji kwa namna hiyo: Oyster Bay yenye upepo wa bahari kwa Wazungu, katikati kwa Wahindi, na Kariakoo kwa Waafrika. Na jina hilo la Kariakoo lipo Nairobi pia, ambako huandikwa Kariokor. Yote mawili yatokana na jeshi la wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambamo vijana kutoka pande zote za ziwa letu walichukuliwa, na wengi hawakurudi.

Uhuru wa Kenya ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na masharti ya rangi katika hati yakawa karatasi tupu. Nani alihamia Muthaiga? Walihamia mawaziri, mabalozi wa nchi za kigeni, Wahindi wenye viwanda, Waafrika wenye makampuni. Rangi iliondoka, ukubwa wa kiwanja ukabaki. Na bei ya kiwanja kikubwa humzuia mtu vizuri kama ilivyomzuia sheria. Hatuwalaumu waliohamia. Mtu aliyekatazwa mahali kwa miaka 50 huwa na hamu ya kupaona. Walakini mzee wa Kikurya angeshangaa kwa jambo moja. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwaweka wengine kwa jamaa na rafiki zake, wakamwe maziwa, wamtunzie. Utajiri wake huonekana katika maboma ya watu wengine, na siku ya iritongo husimama mbele ya majirani wanaomjua tangu utotoni. Tajiri wa Muthaiga aweza kukaa miaka 10 asilijue jina la mtu wa lango la pili.

Neno moja tuliseme kwa sifa yao. Msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000, ulianza kumegwa katika miaka ya 1990 na viwanja vyake vikagawiwa watu wenye nguvu. Wangari Maathai alisimama kuutetea, na tarehe 8 Januari 1999, alipokwenda na wenzake kupanda mti, walipigwa na walinzi hata akatoka damu kichwani. Msitu uliokoka, naye akapewa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha marafiki wa Karura, ambacho ndani yake wakazi wa mitaa ya matajiri na watu wa Huruma, kijiji cha maskini kilicho kando ya msitu, walishirikiana kuuzungushia uzio na kuulinda. Vijana wa Huruma wakapata kazi ya uaskari wa msitu. Leo mtu yeyote hulipa kiingilio langoni, akatembea humo mpaka maporomoko ya maji. Kwa sisi tukaao jirani na Hifadhi ya Serengeti, tunaojua ugomvi wa uzio na mwenye kijiji, ushirikiano wa namna hii wastahili kuchunguzwa.

Upande wa pili wa Muthaiga, mashariki, liko bonde la Mathare. Hapo palijengwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1910, na chini yake, katika machimbo ya mawe na kingo za mto, umekua mmoja wa mitaa mikubwa ya mabanda katika Nairobi. Mito midogo ya Gitathuru na Mathare hushuka kutoka matuta ya udongo mwekundu ikapita kati ya mabanda hayo. Mwendo wa miguu kutoka banda la Mathare mpaka lango la Muthaiga si mrefu, na watu wa Mathare wengi huufanya kila siku alfajiri, kwa kuwa bustani na jiko la Muthaiga hazijitunzi zenyewe.

Kati ya sehemu hizo mbili yapita barabara ya Thika. Ilipanuliwa kuwa ya njia nyingi, ikafunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012. Mwaka uliofuata Rais yule alimaliza utawala wake, akarudi kukaa nyumbani kwake Muthaiga, hata alipofariki Aprili 2022. Magari hupita pale kwa mbio sana, nao waendao kazini kwa miguu hupanda madaraja ya chuma, wakavuka juu yake kabla jua halijachomoza.